Saumu Chini ya Leso

Kabla ya lolote kutokea, vijana wangu, hali ilikuwa hivi. Zahanati yetu ilikuwa huku Meru, juu kidogo ya Githongo, pale mashamba ya kahawa yanapokaribia kupakana na ya chai. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane ukungu ulishuka kutoka mlimani kila asubuhi, ukakaa hadi adhuhuri kama mgeni aliyeahidiwa chai. Katika miezi hiyo kila kiumbe chenye mapafu hukohoa. Watoto walikohoa darasani, mwalimu akawajibu kwa kukohoa, na kanisani mhubiri alipofika kwenye baraka, waumini walimkoholea mahali pa kusema amina. Katika kila jiko la mteremko ule kilining'inia kichwa cha kitunguu saumu, na kila jiko liliamini kwamba jiko la jirani halijui kukitumia. Mimi nilikuwa muuguzi wa zahanati hiyo, na mwaka ninaousimulia ulikuwa wangu wa mwisho kazini. Nawaandikia ninyi mnaoingia katika uuguzi, na mtu mwingine yeyote aliye na jiko na kifua.

Hali ya pili ni kwamba Kendi, binti wa jirani yangu, alikuwa ameposwa na Njeru, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Runyenjes, upande wa Embu. Siku ya wakwe kuja ilikuwa imepangwa katikati ya likizo ya Agosti. Njeru alikuwa amepewa uhamisho kwenda shule ya mbali, upande wa Marsabit, na alitakiwa kuripoti shule zitakapofunguliwa. Siku ya wakwe ikienda vizuri, wangefunga ndoa kanisani na kusafiri pamoja. Ikienda vibaya, angesafiri peke yake.

Ingeendaje vibaya? Hapo ndipo anapoingia Tata Nkirote. Tata ni shangazi kwa lugha yetu ya nyumbani, na huyu alikuwa dada mkubwa wa baba yake Kendi, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Mnajua desturi yetu: wakwe wakishakaribishwa, msichana anayechumbiwa hufunikwa leso kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu, pamoja na wasichana wenzake wa kimo kimoja, na wote husimamishwa mstarini. Mwanamume hupita mbele yao bila kugusa wala kusemesha, kisha huonyesha aliye wake. Akikosea, kwa watu wengi, hutozwa faini, kicheko kinapigwa, na shughuli inaendelea. Tata Nkirote aliona faini ni adhabu ya watu wavivu. Alisimama mbele ya wazee wa ukoo akatangaza:

"Huyo Muembu asipomjua msichana wetu, arudi kwao. Aje tena kahawa ikishachumwa. Sisi hatuna haraka, na msichana anajua kuchuma."

Wazee walicheka, kisha, kwa kuwa wengi wao alikuwa amewabeba mgongoni walipokuwa wachanga, wakakubali. Kahawa yetu huiva kuanzia Oktoba na humaliza mwaka ikichumwa. Kendi alihesabu miezi hiyo mara moja tu, akalia.

Hali ya tatu, iliyonihusu kikazi, ni kwamba zikiwa zimesalia siku chache, Kendi alianza kukohoa.

Alikuja zahanati akiwa amejifunga shali shingoni. Alifungua kinywa kunisalimu, kikatoka kikohozi.

"Sista," akasema alipopata pumzi, "nikikohoa chini ya leso nimekwisha."

"Kwani ukikohoa si ndiyo atakujua?" nikamwuliza. "Ningekuwa wewe ningekohoa kama trekta."

"Tata ameshafikiria hiyo! Amesema kukohoa ni kuongea. Nikikohoa ni kama nimemwita, na nikimwita tumeshindwa. Kahawa ikishachumwa!" Akakohoa tena, kwa uchungu na kwa mafua, sikuweza kutenganisha.

Hapa nawaomba mvumilie, kwa sababu jambo la kwanza nililofanya halikuwa kutafuta saumu. Nilimkalisha, nikampima joto, nikahesabu pumzi zake, nikasikiliza kifua chake mbele na nyuma. Nikamwuliza kama anatokwa jasho usiku, kama amekonda, kama makohozi yana damu. Kikohozi kikipita wiki mbili, kiwe cha bibi harusi au cha chifu, makohozi yake hupelekwa maabara, na hakuna kitunguu duniani kinachochukua nafasi ya kipimo hicho. Cha Kendi kilikuwa kichanga, kifua chake kilikuwa safi, na pua yake ilikuwa ikivuja kama bomba la zahanati. Ilikuwa mafua ya Agosti. Dawa kali za kuua bakteria zisingemsaidia kitu, na nilimwambia hivyo.

"Nyumbani umetumia nini?" nikamwuliza.

Akainamisha uso. "Utanicheka."

Swali hilo nilifundishwa na Sista Wawira, Muembu, msimamizi wangu wa kwanza nilipokuwa msichana mwenye cheti kipya na shingo ngumu. Siku moja alinisikia nikimcheka mama aliyefunga saumu kwenye uzi na kumvisha mtoto shingoni ili kufukuza mafua. Alingoja mama aondoke, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Runyenjes kilichonyooka kama rula: "Wewe, ukimcheka leo, kesho atatumia kitu kibaya zaidi na hatakwambia. Uliza ametumia nini, kiasi gani, vipi, tangu lini. Ukimaliza, ndio ucheke. Lakini nje, nyuma ya tangi." Nilifanya kazi maisha yangu yote kwa kanuni hiyo, na tangi letu la maji lilisikia mengi.

Kwa njia hiyo nilikusanya maarifa ya saumu ya mteremko mzima. Nawapa yale niliyoyaona yakifaa na yale niliyoyaona yakiunguza.

Nyanya zetu walikipokea kitunguu saumu kutoka madukani Nkubu wakiwa tayari na magome yao ya miti, machungu, ya kuchemsha nusu siku. Basi nacho wakakichemsha nusu siku, hadi kikawa laini na mpole kama kiazi, wakanywa maji yake wakisema hakina nguvu. Nguvu ya saumu, vijana, iko katika kupondwa ikiwa mbichi. Punje nzima haina harufu. Ukiiponda ndipo inapoamka. Iponde, iache kwenye kisahani kwa muda wa kuosha vikombe vya chai, ndipo uitie kwenye chakula au asali. Ukiitupa motoni mara tu ulipoiponda, umeiua kabla haijazinduka vizuri.

Asali ni mwenzake mwema, kwa mtu mzima na kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja. Mtoto wa chini ya mwaka asipewe asali hata nyanya akiapa. Na saumu mbichi isifungwe kwenye ngozi. Kiongozi wetu wa kwaya, aliyekuwa na goti bovu, aliponda kichwa kizima, akakifunga gotini kwa kitambaa, akalala nacho. Asubuhi aliingia zahanati akitembea kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na chini ya kitambaa goti lilikuwa limefura malengelenge mithili ya aliyemwagikiwa uji wa moto.

"Sista, ilianza kuchoma saa ile ile," akaniambia.

"Na ulipoona inachoma, ulifanya nini?"

"Nilishukuru. Nilijua inafanya kazi."

Nilimsafisha, nikamfunga vizuri, nikaenda nyuma ya tangi.

Kisha kulikuwa na mzee mmoja wa presha aliyeacha vidonge vyake kwa sababu simu ilimwonyesha mtu mwenye koti jeupe akisifu saumu na limau. Siku hizi simu imekuwa nyanya wa kila mtu. Sikumpokonya saumu yake. Tulipatana kwamba saumu ikae kwenye sufuria, vidonge vikae kinywani, na mimi nimpime kila akija sokoni. Nilimwomba jambo moja zaidi, ambalo nawaomba nanyi mlikumbuke: anayekula saumu nyingi kila siku amwambie daktari kabla ya kung'olewa jino au kupasuliwa, kwa kuwa damu yake inaweza kuchelewa kuganda. Alinitazama kwa heshima mpya. Alikuwa akidhani saumu haina uwezo wa kufanya jambo baya, na nadhani aliipenda zaidi alipojua inaweza.

Turudi kwa Kendi, aliyekuwa bado ameinamisha uso.

"Nimekula saumu, Sista. Mbichi. Asubuhi, kabla ya kitu chochote. Tumbo lilikuwa linaongea kama redio, nikacheua mpaka mbwa akaamka."

"Ulikula punje ngapi?"

"Nilikula mpaka nikaogopa."

Nikamwandikia, kwa mdomo, utaratibu wa watu wazima. Aanze na kikombe kikubwa cha uji, kila asubuhi, bila kuruka hata siku moja. Tumbo likishatulia, aponde punje moja ndogo, aiache ipumzike, aichanganye na kijiko cha asali, ameze polepole. Jioni arudie baada ya chakula. Maji ya moto mchana kutwa, shali shingoni, na asikae karibu na moshi wa jikoni. Asali alikuwa nayo: Njeru alikuwa amemletea ya Mbeere, kutoka kwa mjomba wake mfugaji wa nyuki, nyeusi na nzito.

"Na harufu?" akauliza.

"Harufu ni yako. Itatoka kwenye pumzi, itatoka kwenye jasho, hata ukipiga mswaki mpaka fizi zilie. Maziwa hupunguza, hayamalizi."

Wanaume wengi wangesikitika kusikia hivyo kuhusu wachumba wao. Kendi aliinua uso taratibu, na nikaona wazo likimpanda kama mtu anayepanda ngazi.

Jioni ile alipanda kwenye kilima nyuma ya boma lao, mahali pekee panaposhika mtandao, akampigia Njeru. Kwa kuwa mtandao wetu hutaka kusemeshwa kwa nguvu, bonde zima lilisikia.

"Usiogope! Nanuka saumu mpaka ng'ombe anageuza uso! Ukipita kwenye mstari, tumia pua! Eeh, PUA! Hapana, si bua, PUA! Ile unapumulia!"

Sehemu ya bonde iliyosikia vizuri zaidi ilikuwa Tata Nkirote, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe chini ya kilima.

Kesho yake alikuwa mlangoni pangu, amevaa koti la kanisani siku ya kazi.

"Sista, mimi si mgonjwa. Nina swali la elimu. Mtu akila saumu, inachukua muda gani kunuka?"

"Akiitafuna mbichi, Tata, ananuka kabla hajameza."

"Na ikikaa?"

"Inakaa hadi kesho yake, hata zaidi."

"Vizuri sana." Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepata bei nzuri ya kahawa. "Basi wasichana wote watakula. Watano wa kumsindikiza na Kendi wa sita. Wote wanuke mamoja. Tuone hiyo pua ya mwalimu."

Nilicheka, siwafichi, hapo hapo, bila kufika kwenye tangi. Halafu nikakumbuka kazi yangu. "Tata, mchezo ni wenu, sitauingilia. Lakini kama utawapa, wale chakula kwanza. Asiyezoea, akila saumu mbichi kwa tumbo tupu, itamsumbua. Atacheua, atapata kiungulia, tumbo litavuruga. Kendi mwenyewe anakunywa uji kwanza, na hiyo ni amri yangu ya zahanati."

"Kendi atapewa uji wake, huyo ni mgonjwa, amri ya Sista hatuivunji. Lakini hao wengine ni wazima. Wataanzaje kula kabla ya wakwe? Unataka Waembu waseme walikuta tumeshiba?"

Alisema kweli. Katika boma la heshima, siku ya wakwe, sufuria hazifunuliwi kwa wenyeji hadi wageni wanawe mikono. Nilirudia onyo langu, akarudia lake, tukaagana kwa adabu.

Siku yenyewe kulinyesha. Niliingia jikoni kwa mama yake Kendi asubuhi kumwangalia mgonjwa wangu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akinywa uji kwa utulivu wa mtu anayesoma gazeti. Kikohozi kilikuwa kimeisha. Sitawaambia kwamba saumu ndiyo iliyomponya, kwa kuwa mafua ya aina ile huisha yenyewe yakichoka; nasema tu kwamba asali ilimlainisha koo, maji ya moto yalimsaidia, na saumu ilimpa ujasiri. Sote tulikuwa tumefurahi, isipokuwa kwamba macho yake yalikuwa yakirudi kila mara mezani. Alikuwa ameziona punje zilizomenywa, zimejaa bakuli, na siku hiyo hakuruhusiwa kutoka kwenda kilimani kupiga simu.

Wakwe walitarajiwa saa nne. Gari lao likakwama kwenye tope la mteremko chini yetu, wakaanza kulisukuma. Saa sita, wakiwa bado wanasukuma, Tata aliwapanga wasichana jikoni.

"Kila mtu punje mbili. Tafuna, usimeze kama kidonge. Tafuna inuke!"

"Aki Tata, hii kitu ni moto!" akalia mmoja, binamu wa Kendi aliyesoma Nairobi. "Sijakula tangu jana jioni!"

"Kwani ni sumu? Angalia mimi." Tata akachukua punje tatu nono, akatafuna macho yakiwa wazi, mashavu yakitetemeka. Alipomeza, chozi moja lilimtoka jicho la kushoto, akalifuta kwa ukingo wa leso. "Umeona? Ni tamu."

Kendi alipewa zake mbili baada ya uji wake. Alizitafuna kama njugu.

Nilitoka kwenda langoni. Wakwe walikuwa wamefika kwa miguu, matope hadi magotini, wakiimba kuomba wafunguliwe, na wanawake wetu wakiwajibu kwa nyimbo kwamba hawawajui. Njeru alikuwa nyuma ya wajomba zake, mrefu, miwani imejaa ukungu, kiatu kimoja kikiwa kimebaki kwenye tope. Aliponiona alinisogelea kwenye ua.

"Sista, shikamoo. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Marahaba. Mambo ya mgonjwa ni ya mgonjwa, mwalimu. Sisemi hata kwa mkwe."

"Sawa, sawa." Akagusa pua yake akitabasamu. "Mimi niko tayari."

Vijana, nimeshika siri nyingi za zahanati: magonjwa, mimba, hata jina la aliyemkanyagia mhubiri dole gumba. Hakuna iliyoniwasha kama ile. Nilimwambia tu avue soksi iliyolowa asije akashikwa na mafua, nikaondoka haraka.

Baada ya salamu, sala ndefu na hotuba za wazee, nyingine zikitafsiriwa kutoka Kimeru kwenda Kiembu ingawa kila mtu alikuwa ameelewa, Tata Nkirote alipiga makofi. Wasichana sita wakaletwa wakiwa wamefunikwa, wakitembea kwa kushikana kama vipofu, wakapangwa mbele ya hema. Kulikuwa na leso za maua, leso za mistari, moja yenye picha ya jogoo. Huwezi kujua bega la nani ni lipi.

"Mwalimu," Tata akasema, "sheria unazijua. Hakuna kugusa, hakuna kusemesha. Ukimkosa, kahawa ikishachumwa."

Njeru alivuta suruali yake iliyolowa, akaenda kwenye leso ya kwanza. Akainama kidogo, akavuta hewa. Uso ukamng'aa kama mtoto aliyepata jibu la hesabu. Akanyoosha mkono kuonyesha, kisha, nashukuru Mungu kwa tahadhari ya walimu, akaamua kuhakikisha wengine. Leso ya pili, akanusa. Tabasamu likapungua. Ya tatu. Ya nne. Alipofika kwenye jogoo alikuwa akinusa kwa nguvu, kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Ya sita ikamrudishia pumzi iliyomfanya avue miwani.

Watu wetu walikuwa wameshaelewa. Kicheko kilianza kwa akina mama, kikaenda hadi kwa wazee.

"Mwalimu, pua imekataa kazi?" akapaza sauti mmoja.

"Mleteeni mbwa wa polisi!"

"Muembu, anza kununua vikapu vya kuchumia!"

Mjomba wake mfugaji nyuki alifunika uso kwa kofia. Njeru alisimama akiwa amekunja mikono. Alikuwa kijana mpole, na alimpenda Kendi kwa namna ambayo sisi majirani tulikuwa tukiichungulia kwenye ua na kuifurahia. Sasa alikuwa mbele ya mstari wa leso sita zinazonuka mamoja, na Marsabit ikimngoja upande wa pili.

"Chagua, mwalimu!" Tata akasema.

Wakati huo ndipo leso ya pili ilipocheua.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa ndogo, ya adabu, iliyojaribu kugeuka kuwa kikohozi ikakosea njia. Leso ya sita ikaijibu kwa kwikwi. Jogoo akaanza kuyumba, mbele, nyuma, kama anayetaka kuwika. Kutoka leso ya kwanza pakasikika tumbo likinguruma mngurumo mrefu wenye mwanzo, katikati na mwisho, na chini ya leso ya nne mtu akaanza kucheka kwa pua, kicheko cha aliyekatazwa, ambacho huambukiza haraka kuliko surua.

Njeru alitulia. Alirudi nyuma hatua chache, akaweka mikono mgongoni, akainua kidevu. Kila mtu pale aliyewahi kusoma shule aliutambua msimamo ule: alikuwa akisimamia mtihani.

"Unangoja nini?" Tata akauliza.

"Sina haraka, Tata," akajibu kwa heshima. "Kahawa bado haijaiva."

Akangoja. Leso ya pili ikacheua tena, safari hii bila kujaribu kuficha. Ya sita ikaruka kwa kwikwi mpaka maua yake yakachanua. Wa Nairobi, aliyekuwa jogoo, akanong'ona kwa sauti iliyofika mbinguni, "Aki mimi nataka kukaa chini." Mstari mzima ulitikisika kama nguo kwenye kamba siku ya upepo, wote isipokuwa leso ya tatu, ya bluu, ya mistari. Hiyo ilisimama wima, tumbo limetulia juu ya uji wake, tumbo lililozoeshwa punje asubuhi na jioni kwa siku zote zile.

Njeru alitembea hadi mbele yake, akanyoosha kidole bila kugusa.

"Huyu. Huyu ndiye amezoea dawa."

Tata Nkirote alijaza kifua chake hewa kutafuta sheria iliyovunjwa.

"Umegusa?"

"Sijagusa, Tata."

"Umesemesha?"

"Sijamsemesha."

"Amekohoa?"

"Hata kidogo," mama yake Kendi akadakia. "Amepona kabisa, asante kwa Sista."

Tata alifungua kinywa ili atoe hukumu. Kikatoka kitu kingine, kirefu, kizito, cha punje tatu nono na tumbo ambalo nalo lilikuwa halijala tangu jana kwa ajili ya heshima. Wazee wa pande zote mbili walikisikia. Waembu walikaza midomo kwa adabu kwa muda ambao binadamu anaweza, kisha mjomba mfugaji nyuki akaivua kofia yake, akasema kwa Kiembu jambo lisilohitaji tafsiri, na hema likapasuka kwa kicheko. Tata alijaribu kukasirika. Midomo ilimshinda. Alicheka hadi akaketi kwenye nyasi zilizolowa, akipunga mkono kwamba wamfunue msichana, wamfunue tu, asichekeshwe zaidi.

Walipoiondoa leso ya bluu, Kendi alikuwa akilia na kucheka. Vigelegele vilipigwa hadi watu wa chai kule juu wakavijibu bila kujua vya nini.

Mimi sikuyaona yote, kwa kuwa nilikuwa nimeshawapeleka wasichana watano nyuma ya nyumba. Nawapa utaratibu, kwani ipo siku mtauhitaji: wakalishe, usiwalaze. Wape maziwa kidogo kidogo, kisha uji mwepesi au mukimo laini wa viazi vya kupondwa, wasinywe soda hata wakilia. Kiungulia cha saumu humalizika chenyewe tumbo likipata kazi nyingine. Kisipoisha, au mtu akitapika bila kukoma, mlete zahanati. Binamu wa Nairobi alinishika mkono akaniuliza kama atakufa. Nilimwambia atanuka tu. Akauliza kwa muda gani, nikamwambia, akalia upya, kwa sababu kulikuwa na kijana mmoja miongoni mwa Waembu aliyekuwa amemtazama.

Tata alikuja wa mwisho, akanyoosha kikombe bila kunitazama.

"Maziwa, Sista."

Nikamjazia. Akanywa hadi chini.

"Ulisema wale kwanza," akasema.

"Nilisema, Tata."

"Ungesema kwa nguvu."

Nilikwenda nyuma ya tangi la maji la mama yake Kendi, kwa kuwa langu lilikuwa mbali.

Njeru na Kendi walifunga ndoa kanisani kabla ya shule kufunguliwa, wakasafiri pamoja kwenda Marsabit, wakiwa na chupa ya asali ya Mbeere na kichwa kimoja cha saumu. Kahawa ya mwaka ule ilichumwa bila Kendi.